Mlingoti wa jahazi la dada umeegemea nyuma, nimwambieje?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni msomaji wako wa Tanga. Tuna kikundi cha watu tunaopenda kutengeneza modeli za vyombo vya baharini. Wengi wetu tunatengeneza majahazi, mashua na ngalawa, wachache wanatengeneza meli za chuma. Hatuuzi, kila mtu ana kazi yake inayomlisha. Mara moja kwa mwezi tunakutana barazani kwa mwenzetu mmoja, mwenye chombo anakileta, kinawekwa mezani, kahawa inapita na tunakitazama.

Shida yetu iko kwenye kusema. Wengi wanasema "Mashaallah, hongera sana," basi, yameishia hapo. Halafu yupo mzee wetu mmoja, nahodha mstaafu, aliyesafiri na majahazi kati ya Tanga, Pemba, Mombasa na Lamu tangu ujana wake. Yeye hamfichi mtu. Kikao kilichopita kijana mmoja, fundi simu, alileta meli ya Liemba, ile ya Ziwa Tanganyika, aliyoiunda kwa plastiki na kadibodi, urefu wake kama sentimita 70, na mbele ameiwekea mzinga. Mzee akaiinua, akasema mbele ya wote: "Liemba ni meli ya abiria, huo mzinga umeutoa wapi? Hii ya watoto." Watu wakacheka. Kijana akaifunga meli yake kwenye kitambaa, na tangu siku ile haji wala hapokei simu.

Kikao kijacho ni zamu ya dada mmoja, mwalimu wa shule ya msingi. Ametengeneza jahazi la mbao kwa kipimo cha 1:50, yaani dogo mara 50 kuliko jahazi lenyewe, kumbukumbu ya marehemu baba yake aliyekuwa baharia. Amenitumia picha aliyopiga kwa simu. Mbao za ubavuni kazipanga vizuri ajabu. Lakini mlingoti naona umeegemea nyuma kama wa meli za Kizungu, na sisi watu wa pwani tunajua mlingoti wa jahazi huinamia mbele. Kamba naziona nene. Tanga ni jeupe mpaka linang'aa. Hata hanamu, ule mti wa mbele kabisa wa chombo, imelala, wakati mimi nimezoea majahazi ya Lamu ambayo hanamu yake imesimama wima. Wenzangu wameniomba siku hiyo nianze mimi kusema kabla mzee hajafungua kinywa.

Mjomba, nimwambie yote hayo? Niyaseme vipi asije naye akatukimbia? Mzee, ambaye ni sawa na baba yangu, nimkabili vipi? Yule kijana atarudi kweli? Na siku mtu akileta chombo nisione pa kusifu, niseme nini?

Mpenda Vyombo, Tanga

MJOMBA ANAJIBU

Marahaba, mpwa wangu. Nianze na jahazi la dada, maana siku yake imekaribia.

Kabla hujatafuta maneno, chukua kila kasoro uliyoiona na ujiulize: mkono wake bado unaweza kulifikia jambo hili? Modeli hujengwa kwa hatua, na hatua moja ikikamilika, ile iliyotangulia imeshafungwa. Chombo kikiwa bado ni mkuku (uti wake wa chini) na mataruma (mbavu zake), ukichungulia kutoka omo, yaani mbele, kuelekea tezi, yaani nyuma, ukaona kimejipinda, sema hapo hapo. Kulegeza taruma mbili na kuzinyoosha ni kazi ya jioni moja. Kasoro hiyo hiyo ukiisema baada ya mbao kupigwa, kupitishwa msasa na kupakwa vanishi, hujamsaidia chochote, umempa tu jambo la kulitazama kwa uchungu kila anapopita karibu na rafu. La namna hiyo liache. Akianza jahazi la pili na akakuomba ushauri, hapo ndipo mahali pake. Nawasihi pia mzoee kuletewa vyombo ambavyo havijaisha, vikiwa mifupa mitupu. Mkisubiri mpaka kila kitu kipakwe vanishi, macho yenu makali yote yanapotea bure.

Sasa mlingoti. Huu mkono unaufikia, lakini kwanza hakikisha kwamba kosa lipo. Picha ya simu iliyopigwa kwa karibu huongopa: kilicho mbele ya lenzi huvimba, kilicho nyuma hunywea, na mlingoti ulio sawa unaweza kuonekana umelala. Mwombe dada aliweke jahazi mezani, arudi nyuma hatua moja au mbili, ashushe simu mpaka usawa wa maji ya chombo, apige ubavuni kabisa. Au aweke kona ya karatasi kando ya mlingoti, ukingo wa chini ukiwa sambamba na mstari wa maji, aone mwenyewe unaelekea wapi.

Ikiwa kweli umeegemea nyuma, mwambie, na umwambie pamoja na sababu. "Mlingoti wa jahazi huinamia mbele" ni amri tu, haimfundishi kitu. Mweleze kazi ya mwinamo huo. Foromali, ule mti unaobeba tanga, ni ndefu na nzito, nayo huning'inia mbele ya mlingoti. Jahazi linapogeuza na tanga kutakiwa kuhamia upande wa pili, mabaharia huisimamisha foromali karibu wima na kuipitisha mbele ya mlingoti. Mwinamo wa mbele huipa foromali nafasi ya kuning'inia huru na kuzunguka. Mlingoti ukilala nyuma, foromali inaulalia na kazi hiyo inakuwa ya taabu. Dada akilisikia hilo atamwona baba yake na wenzake wakiihangaikia foromali hiyo kwenye upepo, na kuurekebisha mlingoti kutakuwa sehemu ya kumkumbuka. Sababu ya kweli humwachia mtu heshima yake, kwa kuwa anaamua mwenyewe baada ya kuelewa.

Kisha mwoneshe njia ya kutokea. Muulize ametumia gundi gani. Kama ni gundi nyeupe ya mbao, pamba iliyoloweshwa maji ya moto na kuwekwa kwenye shina la mlingoti kwa muda huilainisha, na mlingoti hutoka bila kuvunja sitaha. Kama ni supagluu, asetoni huilegeza, ila aitie kwa ncha ya kijiti na aiepushe na rangi na vanishi, kwa sababu huziyeyusha. Yule kijana wa Liemba ndiyo asiiguse kabisa kwenye meli yake, maana plastiki nayo huyeyuka. Ikiwa dada ametumia gundi ngumu ya kuchanganya, ile ya mirija miwili, mshauri auache mlingoti ulivyo. Kuung'oa kutaharibu sitaha ambayo hukuipigia wewe msasa.

Kwenye hanamu nakuomba usimame kidogo. Umezoea majahazi ya Lamu, na ni kweli ya kule hanamu yake husimama wima. Lakini jahazi la Unguja hanamu yake hulala kuelekea mbele. Yote mawili ni majahazi halisi. Je, unajua baba yake alisafiri na lipi? Huenda dada amepatia hasa kile ulichokihesabu kuwa kosa. Hapa neno la kusema ni swali tu: "Jahazi la baba lilijengwa wapi?" Akijibu Unguja, umejifunza jambo na hanamu yake iko sawa. Akijibu Lamu, ataiona tofauti mwenyewe bila wewe kuinua sauti. Akisema hajui, ila ndivyo anavyolikumbuka tangu utotoni, liache jahazi libaki hivyo. Ametengeneza kumbukumbu ya baba yake, na katika hilo hakuna mtu barazani mwenu anayelijua jahazi lile kumzidi.

Kamba ni suala la hesabu, na hesabu haimkasirishi mtu. Kwa kipimo cha 1:50, uzi wa milimita 1 ni sawa na kamba ya sentimita 5 kwenye jahazi lenyewe. Kwa henza, kamba inayopandisha foromali na tanga lake lote, unene huo unakubalika. Kwa vikamba vidogo umezidi, hapo uzi wa milimita 0.2 au 0.3 unatosha. Kwa hiyo usimwambie "kamba zako nene," maana moja yao pengine iko sawasawa. Kaa naye, mpige hesabu pamoja, kamba moja baada ya nyingine. Tanga ni jepesi zaidi. Kitambaa kipya kikichemshwa kwenye chai ya rangi iliyokolea na kuanikwa, ule mng'ao hufa na rangi hukaribia ya tanga lililopigwa na jua na chumvi. Mwambie ajaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni.

Unaona, mpwa wangu, ulikuja na makosa manne. Moja huenda si kosa, la pili ni nusu kosa, la tatu linatibiwa kwa sufuria ya chai. Limebaki moja la kuzungumzia kwa uzito, na hilo moja ndilo la kusema siku hiyo. Mengine yasubiri mtakapokaa wawili, au akuulize. Mtu aliyesimama mbele ya kikundi huku moyo umemdunda hawezi kubeba mambo manne, hata yote yakiwa kweli.

Sifa nazo zina kazi kubwa kuliko mnavyozitumia. "Hongera sana" ni adabu njema, endeleeni nayo, ila haimwambii fundi kitu. Sifa yenye maana humwonesha mtu ni wapi asiguse. Umeniandikia kwamba mbao za ubavuni kazipanga vizuri ajabu. Mwambie hivyo, na umwambie umeona nini hasa: kwamba mbao zinapungua upana taratibu kadiri zinavyokaribia omo, kama zimepungua kweli, kwamba maungio hayakupangana mstari mmoja, kwamba hakuna mahali ubao umebinuka. Kupunguza ubao ili ulale bila kubinuka omoni ndiyo kazi inayowashinda wanaoanza. Asipoambiwa kwamba hapo amefaulu, jahazi lijalo atabadilisha njia na kupoteza alichokuwa nacho tayari.

Siku yenyewe ninge­kushauri useme hivi, au kwa maneno yako yanayokaribia haya: "Dada, nimezitazama mbao zako za omo kwa muda mrefu, zimelala vizuri, na najua kazi iliyopo hapo. Nilitaka kukuuliza jahazi la baba lilijengwa wapi. Na una nafasi ya kuugusa mlingoti, au umeshaufunga? Nina jambo moja la kukuambia kuhusu mwinamo wake, ukipenda." Halafu nyamaza. Akisema anapenda, mweleze habari ya foromali. Akisema amechoka nalo, anataka tu kulionesha, ishia kwenye mbao. Ana haki hiyo.

Kwa mzee, usimwendee kama mtu wa kudhibitiwa. Kikundi chenu kina bahati kuwa na mtu aliyeshika usukani wa jahazi kwa mikono yake. Watu hao wanaondoka, na wanachokijua huondoka nacho. Anachokosa mzee wako ni kiti cha kukalia ndani ya mazungumzo. Mnaweka chombo mezani, mnanyamaza au mnasifu, naye anaona ukweli haujasemwa, basi anausema wote kwa mkupuo. Mpelekee shikamoo nyumbani kwake kabla ya kikao, peke yako. Mwambie mnataka kuanzia sasa mwenye chombo ndiye aanze, aseme amefikia wapi na anaomba atazamiwe nini, na kwamba mnaomba yeye awe wa kwanza kuulizwa mambo yanavyofanyika baharini. Kwa jahazi la dada mwombe aeleze mabaharia walivyoipitisha foromali wakati wa kugeuza. Atalisimulia kuliko mimi na wewe, na suala la mlingoti litakuwa limesemwa bila mtu kusutwa. Ikibidi wewe useme neno moja tu na kumpisha, mpishe.

Umwambie pia, kwa upole, kwamba modeli ina mipaka yake. Kwa 1:50 kichwa cha msumari hakionekani. Ubao wa sentimita 4 ungetakiwa uwe na unene wa milimita 0.8, na mwenye kumudu kuupinda bila kuupasua si kila mtu. Fundi wa modeli huchagua kipi akiweke na kipi akiache. Nahodha anayejua mzigo ukizidi hushushwa ataelewa.

Kuhusu kijana, jambo hili limenigusa, kwa sababu mzinga ule haukutoka hewani. Meli tunayoiita Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwenye makasha yapatayo 5,000 hadi Dar es Salaam, kisha kwa Reli ya Kati mpaka Kigoma. Huko iliungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Jina lake lilikuwa Graf von Goetzen, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ilifungwa mzinga wa milimita 105 uliotolewa kwenye manowari Königsberg, ile iliyokwisha kwenye delta ya Rufiji. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini Ziwa Tanganyika kwa jina la Liemba.

Kwa hiyo mzee alisema kweli: Liemba ni meli ya abiria. Na kijana naye alikuwa na kweli yake: meli hiyo hiyo iliwahi kubeba mzinga. Kilichokosekana mezani siku ile ni swali moja, "Umeichagua ya mwaka gani?" Lingeulizwa, kijana angejibu, na baraza zima lingeondoka na historia ambayo wengi wenu hamkuijua. Badala yake mlimcheka.

Nenda kwake. Usitume ujumbe, na usimpigie simu ambayo hapokei. Nenda jioni, usiende na mzee na usiende na kundi. Mwambie mlivyomcheka haikuwa haki. Kisha mwombe uione meli tena na umuulize la mwaka. Anaweza kufuta jina ubavuni aandike Goetzen na mzinga ukabaki, au akaung'oa mzinga na Liemba ikawa Liemba. Uamuzi ni wake. Kama sentimita zake ni 70, yuko karibu na kipimo cha 1:100, maana meli yenyewe ina urefu wa mita 71 hivi. Akitaka, mpimie pamoja naye reli za sitaha: uzio wa mita 1 unatakiwa usimame sentimita 1, na mtu mzima milimita 17. Hapo ndipo modeli nyingi za meli za chuma huharibikiwa. Reli zikiwa ndefu mno meli yote huonekana ndogo, na huenda ndicho kilichompa mzee picha ya mchezo wa watoto. Lakini hilo la reli lisitangulie. Litangulie la mzinga, ambapo kijana ana haki.

Je, atarudi? Siwezi kukuahidi. Ninachojua ni kwamba mzee akimwambia mbele ya watu wale wale kwamba habari ya mzinga ilikuwa ya kweli, itasaidia kuliko mimi na wewe kumbembeleza mwezi mzima. Mpelekee mzee habari hiyo ya mwaka 1915 mtakapokuwa mmekaa kwake. Usiipeleke kama kumkosoa. Nahodha hupenda habari za meli, na ninaamini ataisema mwenyewe barazani.

La mwisho uliloniuliza, siku usipoona pa kusifu. Usitunge sifa. Mwenye chombo huisikia sifa ya uongo, na baada ya hapo hata ile ya kweli hataiamini. Muulize ni sehemu gani ilimpa taabu zaidi, kisha itazame sehemu hiyo kwa makini, ukiwa umekishika chombo karibu na taa. Mara nyingi hapo ndipo utakapoona alichojaribu kukifanya, hata kama hakikufika. Kisemee hicho alichojaribu, na umpe njia moja ya kukifikia: uzi mwembamba zaidi, msasa laini zaidi, rangi nyembamba ipakwe mara mbili badala ya nzito mara moja. Kama hata hapo huoni kitu, mwambie utakitazama tena akikifikisha mbele, na umuulize lini.

Gundi ya mlingoti usiisahau. Muulize dada leo, kwa sababu ikiwa ni ile nyeupe, ana muda wa kuurekebisha kabla ya kikao, na huenda siku hiyo ukabaki na mbao tu za kusemea.

Mjomba